Takwimu za Korona: Nani Alihesabiwa, Nani Alizikwa Kimya?

Wadau, mnakumbuka 2020 na 2021 kila jioni tulivyokuwa tunapewa namba: maambukizi mapya kadhaa, vifo kadhaa. Ulaya maelfu, Afrika wachache. Wengine wakasema Mungu katulinda, wengine wakasema ni jua na mitishamba, wengine wakasema namba zote za kupika. Kabla hujachagua upande, jiulize kwanza: hiyo namba ilipatikanaje?

Kwanza, vipimo. Anayehesabiwa ni aliyepimwa. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba Afrika ilikuwa inagundua maambukizi 1 tu kati ya 7. Kwa hiyo nchi yenye wagonjwa wachache inawezekana ilikuwa na vipimo vichache, basi.

Pili, maana ya "kifo cha korona". Mzee ana kisukari na presha, kapata korona, kafa. Kauawa na nini? Kila nchi ilijibu kivyake. Agosti 2020 Uingereza iliamua kuhesabu tu waliofariki ndani ya siku 28 baada ya kipimo kuonyesha wana virusi. Hesabu ikashuka toka zaidi ya 46,000 hadi 41,000 na ushee, na hakuna aliyefufuka! Peru nao mwishoni mwa Mei 2021 walipanua maana hiyo, vifo vikaruka toka 69,342 hadi 180,764. Watu walishakufa zamani, kilichobadilika ni daftari.

Tatu, usajili, na hapa ndipo kwetu panapouma. Mtu anafia nyumbani, anazikwa kesho yake au siku hiyo hiyo, matanga yanaisha. Cheti cha kifo kinatafutwa RITA pale tu penye mirathi au mafao. Asiyeacha kitu, nani atamwandikisha?

Jirani zetu Zambia walitoa funzo. Kati ya Juni na Septemba 2020 watafiti walipima maiti katika mochwari ya hospitali kuu ya Lusaka. Kati ya maiti 364, virusi vilikutwa kwa 58 hadi 70, kutegemea kipimo kilivyosomwa. Karibu robo tatu ya hao walifia nje ya hospitali, na hakuna hata mmoja wa hao wa nje aliyepimwa akiwa hai.

Nne, siasa. Sisi Tanzania tulisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 toka Mei 2020 hadi katikati ya 2021. Ugonjwa haukusimama, kilichosimama ni kutangaza.

Lakini tusikimbilie upande wa pili na kusema tofauti yote ni uongo. Korona iliua zaidi wazee. Nusu ya Watanzania wana miaka 18 hivi kushuka chini, wakati Italia nusu ya watu wamevuka 45. Sehemu ya tofauti ile ni ya kweli kabisa.

Sasa ukweli tutaupataje? Wataalamu hutumia "vifo vya ziada": unachukua vifo vyote vya mwaka, unatoa idadi ambayo ingetarajiwa mwaka wa kawaida. Kwa njia hiyo, Mei 2022 WHO ilikadiria vifo milioni 14.9 duniani kwa 2020 na 2021, wakati vilivyoripotiwa ni milioni 5.4. Tatizo ni kwamba huwezi kujua ziada kama hujui kawaida. Kwa nchi nyingi za Afrika ilibidi wakadirie tu.

Hili siyo suala la wasomi peke yao. Mitungi ya oksijeni, vitanda na wauguzi hupangwa kwa kufuata hesabu. Mtaa ambao vifo vyake havijaandikwa, kwenye bajeti ni mtaa ambao haukufiwa. Mlipuko mwingine ukija, utakuta pengo lile lile.

Haya wadau, aliyefia nyumbani mtaani kwako mwaka jana, kifo chake kiliandikwa wapi?