Kuandika kwa intaneti: bei inapanda namna gani?

Tangu watu walijua kama niko naishi kwa kuandika, kila juma napata swali moja: "Kaka, unapataka feza namna gani?" Wengi wanaouliza wako na diplome tangu miaka miwili, mitatu, wamepeleka dosye kwa makampuni mupaka wamechoka. Lakini kuna wengine ambao tayari wanaandika, wanalipwa senti moja ya dola kwa neno, na mwezi ukiisha feza yote imekwisha kwa mega na bukari. Hawa njo nataka kuongea nao leo. Namna ya kuanza, watu wengi wamekwisha kuieleza. Namna ya kupandisha bei, wanaificha.

Tuanze na hesabu, juu bila hesabu tutadanganyana. Senti moja kwa neno, makala ya maneno 1000 ni dola 10. Ukipitia Fiverr, wao wanakata asilimia 20, unabaki na dola 8. Masaa mawili ya kusoma, matatu ya kuandika, moja ya kusahihisha: masaa 6. Gawanya: dola moja na senti 33 kwa saa. Na hapo sijatoa mega, wala ile siku umeme umekatika na unalipa jirani mwenye jenereta ili uchaji mashini.

Wengi wakiona hiyo hesabu wanajibu: basi nitaandika haraka, makala tatu kwa siku. Hapo njo mtego. Tangu mwezi wa kumi na moja 2022, ChatGPT ilipotoka, kuna mashini inayoandika "faida kumi za kunywa maji" kwa dakika moja, tena karibu bure. Hutashinda mashini kwa mbio. Kama kazi yako ni kukusanya maneno ambayo yako tayari kwa intaneti na kuyapanga upya, bei yako itashuka hata ukiwa na Kifaransa kitamu namna gani.

Sasa, bei nzuri inatoka wapi? Mimi naona inatoka kwa ile hasara mteja atapata kama maandiko ni mabaya. Makala ya maji ikiwa mbaya, hakuna anayepoteza kitu. Lakini chukua mfano wa kwetu, hapa Katanga. Tarehe 22 mwezi wa pili 2025, serikali ya Kongo ilisimamisha kutoa kobalti inchi ya inje kwa miezi minne, kisha ikaongeza muda, na mwezi wa kumi ikaleta mpango wa kila kampuni kupewa kiasi chake. Kongo njo inatoa sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia. Kuna watu Ulaya wanaonunua hayo madini au kuweka feza yao ndani, na hawasomi Kifaransa cha serikali yetu. Wakielewa vibaya, wanapoteza feza ya kweli.

Mteja mmoja anayetengeneza barua ya habari kwa watu kama hao aliniomba maneno 900 juu ya ile mambo. Nilisoma lile tangazo lenyewe, si habari ya mtu aliyelisoma. Nikarudilia Kode ya Madini ya 2002 na mageuzi yake ya 2018, ile iliyoweka kama kampuni inatoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji, na juu yake kobalti ikatangazwa madini ya maana sana, ushuru wake ukapanda mupaka asilimia 10. Kisha nikapigia telefone dereva mmoja wa makamyo ya barabara ya Kolwezi na Kasumbalesa, anieleze foleni imekuwa namna gani. Kazi ya masaa 10. Nikalipwa dola 120, na hakuna mtu kati aliyekata kitu. Ni dola 12 kwa saa. Mara tisa ya ile ya kwanza, na ni mimi mwenyewe, na ile mashini yangu ya zamani yenye kioo kimepasuka.

Mtanambia: sisi si watu wa madini. Sawa. Jiulize ni kitu gani unajua ambacho mtu wa Montreal ao London hawezi kupata akiwa kwa kiti chake. Mwenye kusoma sheria anaweza kueleza namna kampuni inaundwa chini ya sheria za OHADA, ambazo Kongo iliingia 2012 na zinatumika kwa inchi 17. Mtu wa kilimo anajua kahawa ya Kivu ao kakao ya Beni. Muuguzi ameona kolera kwa macho. Diplome ambayo makampuni ya hapa hayataki kuiangalia, huko inje inaweza kuwa njo sababu ya kukuchagua, kama unaandika juu ya kile ulichosomea na si juu ya kila kitu.

Neno kidogo juu ya luga. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, 2018 mupaka 2020, matangazo mengi yalikuja kwa Kiswahili sanifu. Translators without Borders walichunguza Goma mu 2019, wakaona kama Kiswahili ya watu wa pale iko tofauti, na tofauti hiyo inazuia watu kuelewa ujumbe. Tunachekeanaka juu ya "njo" na "iko" yetu, kumbe kwa tafsiri ya afya ile Kiswahili ni kazi. Lakini angalieni: mashirika mengine yanaomba tafsiri ya bure. Fanya moja, mbili, upate kitu cha kuonyesha, kisha anza kuomba bei. Kwa bure hatukule.

Turudi kwa wateja ulio nao sasa. Hapa njo watu wanaogopa sana, na ninawaelewa, juu nyumba inaomba kulipwa. Usianze na wa zamani. Bei mpya mpe kwanza mteja mpya, huyu hajui ya zamani. Akikubali wawili ao watatu, hapo sasa andikia wa zamani, mwezi moja mbele, maneno machache tu: "Kuanzia tarehe moja ya mwezi ujao, makala yangu ni dola 35. Kazi tulizokwisha kupatana zinabaki kwa bei ya zamani. Asante kwa kazi tuliyofanya pamoja." Usieleze mambo ya nyumba, ya watoto, ya umeme. Sisi huku tumezoea kuomba kwa kueleza shida. Mteja wa inje akisoma shida anaona sadaka, haoni bei.

Mimi nilipofanya vile nilikuwa na wateja sita, kila moja makala nne kwa mwezi, dola 20 moja. Yaani makala 24, dola 480. Wawili waliondoka, moja bila hata kujibu. Moja alisema atabaki lakini makala mbili tu. Watatu walikubali. Hesabu: makala 14, dola 490. Feza ilibaki karibu ile ile, lakini makala kumi zimetoka kwa mabega yangu, na ni ndani ya ule muda nilitafuta wateja wa madini. Kuongeza bei hakukunitajirisha mwezi ule. Kulinipa masaa.

Ukipata masaa, yatumie kuandikia watu moja kwa moja. Usitume barua moja kwa watu mia. Chagua kumi, soma wanachoandika, waambie kitu kimoja ambacho wamekosa na ambacho wewe unaweza kuandika, na uweke mifano mitatu ya kazi yako. Kama hauna mifano, iandike mwenyewe, hakuna anayekukataza. Wanaojibu ni wachache. Mimi kwa kumi nikipata wawili, nafurahi.

Patana kila kitu kwa maandishi mbele ya kuanza: maneno ngapi, tarehe gani, kusahihisha mara ngapi. Mimi nasema mara mbili, ya tatu inalipwa. Mteja mpya anatuma nusu mbele. Anayekuomba "jaribio" la maneno 1500 bila malipo anatafuta makala ya bure, na anayekuomba wewe ulipe ili upate kazi ni mwizi, hata kama tovuti yake inang'ara.

Kupokea feza, hapo kila moja anapigana vyake. Wengine wanapitia kwa ndugu aliye Ubelgiji ao Kanada, anayepokea kisha anatuma kwa Western Union ao M-Pesa; inafaa mupatane mbele anakata ngapi, hata kama ni mutoto wa mama yako, juu feza inaharibu undugu upesi. Usikodi konti ya mtu usiyemjua kwa zile tovuti za kazi: wakiomba kitambulisho konti inafungwa na feza inabaki ndani. Na ukitoa bei, weka ndani ile komisyo yote ya njiani, tangu kwa banki ya mteja mupaka kwa telefone yako. Dola 35 inayofika ikiwa 29, bei yako ni 29.

Mteja akichelewa, mimi namwandikia siku ya saba, kwa heshima, na fakture ndani. Siku ya kumi na ine namwambia kama makala ya pili iko tayari na itatumwa malipo ya kwanza yakifika. Mara nyingi feza inafika kesho yake.