Chungu Mkulima: Je, Unaweza Kumfuga Nyumbani?

Mwaka wa 2025 habari moja iliwachekesha wengi nchini. Mwezi wa Aprili watu wanne, wakiwemo vijana wawili kutoka Ubelgiji, walifikishwa katika mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta kwa kosa la kupatikana na chungu. Naam, chungu! Si pembe wala ngozi ya chui, bali wadudu hawa tunaowakanyaga kila asubuhi tukielekea gwarideni. Wale vijana wawili walikuwa na chungu wapatao 5,000, wametiwa katika mirija midogo yenye pamba ili wasife njiani. Mwezi wa Mei kila mmoja wa wale wanne akatozwa faini ya shilingi 1,000,000, au kifungo cha miezi 12.

"Kwani chungu ana nini?" watu waliulizana huku wakicheka. Swali hilo ni zuri, na jibu lake si la kuchekesha. Huko Ulaya, Marekani na Asia kuna watu wanaofuga chungu nyumbani kama vile wengine wanavyofuga samaki wa mapambo. Chungu waliochukuliwa hapa kwetu ni wale wavunaji wanaokusanya mbegu za nyasi na kuziweka ghalani. Lakini miongoni mwa wafugaji hao, kuna chungu mmoja wa mbali anayehesabiwa kuwa mtihani mkubwa kuliko wengi. Huyo ni chungu mkata-majani. Hebu tumtazame anavyofugwa. Ukishaelewa maisha yake, utaelewa pia kwa nini mahakama haikucheka.

CHUNGU HUYU NI NANI?

Chungu wakata-majani huishi katika bara la Amerika peke yake, kuanzia kusini mwa Marekani hadi Argentina. Afrika hawapo. Wataalamu huwagawa hasa katika jamii mbili kubwa, Atta na Acromyrmex. Ukiwaona njiani utadhani ni gwaride la Jamhuri: foleni ndefu, kila mmoja ameinua kipande cha jani juu ya kichwa kama mtu aliyeshika mwavuli. Taya zao zimeimarishwa kwa madini ya zinki, basi hukata jani kana kwamba wana makasi. Wahenga walinena bandu bandu huisha gogo. Kundi kubwa la chungu hawa laweza kuumaliza mti majani yake yote kwa usiku mmoja.

Zamani watu walidhani kwamba chungu hawa hula majani hayo, au huyaezeka kama paa. La hasha! Mwaka wa 1874 Mwingereza mmoja aliyeitwa Thomas Belt, mhandisi wa migodi huko Nicaragua, alichapisha kitabu ambamo alieleza kwamba majani yale ni mbolea tu. Alichimba viota vyao akaona kwamba ndani wanapanda kuvu, nayo kuvu ndiyo chakula chao. Mwaka wa 1893 Mjerumani Alfred Möller alilithibitisha jambo hilo kutokana na uchunguzi wake nchini Brazil.

Kazi yenyewe huenda hivi. Jani likifika kiotani hukatwa vipande vidogo zaidi, hutafunwa, hulowanishwa, kisha hupandwa katika bustani ya kuvu inayofanana na sponji ya kijivu. Chungu huongeza samadi yao wenyewe. Kuvu inapomea hutoa vinundu vidogo vyenye lishe. Vinundu hivyo hulishwa mabuu, yaani watoto wa chungu, na mabuu hayo hayana chakula kingine. Wakubwa huongezea kwa kunywa utomvu wa majani wanapoyakata.

Sasa shika jambo hili, maana mengine yote yanategemea hili: anayefuga chungu wakata-majani hafugi chungu. Analima kuvu, na chungu ni vibarua wa shamba lake. Kuvu ikistawi, chungu watajitunza wenyewe. Kuvu ikifa, hata uwape sukari na asali, nyumba imekwisha.

MALKIA NA MBEGU YAKE

Shamba hilo huanzaje? Siku ya harusi, malkia wachanga wenye mabawa huruka angani na kukutana na madume. Kabla ya kuondoka kwa mama yake, kila malkia hutia kipande kidogo cha kuvu katika mfuko ulio mdomoni mwake, kama bibi arusi wa zamani aliyefunga mbegu katika pindo la leso. Akitua, hukata mabawa yake, huchimba shimo, hujifungia humo na kuitema ile mbegu. Huirutubisha kwa samadi yake na kutaga mayai. Siku hizo za mwanzo hali ile kuvu, asije akaimaliza. Badala yake hula mayai yake mengi mwenyewe ili apate nguvu. Si uchoyo huo. Ni hesabu ya njaa.

Ile kuvu ikifa kabla vibarua wa kwanza hawajazaliwa, malkia hana mbegu ya pili. Akifaulu, anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi, akitaga mayai kutokana na harusi ile ya siku moja tu. Kiota cha Atta kilichokomaa chaweza kuwa na chungu milioni kadhaa, kuanzia vitoto vya kupalilia bustani hadi askari wenye vichwa vikubwa. Mkubwa anaweza kumzidi mdogo uzito mara zipatazo 200, ilhali wote ni watoto wa mama mmoja. Mama huyo akifa, hakuna wa kurithi kiti. Vibarua wataendelea na kazi, watazeeka, na kiota kitanyamaza.

NYUMBA YENYE VYUMBA VITATU

Mfugaji wa Ulaya huanza kwa kutayarisha nyumba yenye sehemu tatu zilizounganishwa kwa mirija ya plastiki.

Chumba cha kwanza ni cha bustani. Ni sanduku la plastiki ngumu au kioo, lenye kifuniko, na chini lina tabaka la plasta au udongo wa kuhifadhi maji. Joto hutakiwa liwe kama nyuzi 25 za selisiasi, na hewa iwe na unyevunyevu mwingi. Lakini unyevu si mafuriko! Maji yakidondoka juu ya kuvu, huoza. Jua likipiga kioo, hupikika. Katika nchi zenye baridi kali mfugaji hulazimika kupasha chumba joto mchana na usiku.

Chumba cha pili ni cha kupokea majani. Hiki huwa kikavu. Mfugaji huweka majani humo, kisha chungu huja wenyewe kukata na kubeba.

Chumba cha tatu ni jaa la taka. Usikidharau. Kuvu iliyozeeka, mabaki ya majani na maiti hupelekwa huko, na taka hizo zina magonjwa. Kwa baadhi ya jamii za Atta, wanaofanya kazi jaani wakijaribu kurudi bustanini, wenzao huwafukuza. Ni karantini bila daktari. Mfugaji anayesahau kulimwaga jaa anawarudishia maradhi mlangoni.

Je, hawatoroki? Hujaribu sana. Wafugaji hupaka ukingo wa sanduku mchanganyiko wa poda na spiriti. Ukikauka, chungu huteleza na kuanguka. Wengine huweka sanduku zima ndani ya sinia ya maji. Hata sisi twaijua mbinu hiyo: ni nyanya gani asiyewahi kutia miguu ya kabati katika mikebe ya maji ili sisimizi wasiifikie sukari?

WANALISHWA NINI?

Huko Uingereza wafugaji hupenda majani ya miti ya beri ya porini na ya waridi. Huwapa pia vipande vya tofaa, maganda ya machungwa na hata shayiri kavu. Kundi changa hutosheka na majani machache, lakini kundi kubwa hudai mzigo kila siku. Hakuna kusema, "Leo ni Krismasi, nitawalisha kesho."

Hatari kubwa ni dawa za kunyunyizia mimea. Dawa ya kuua wadudu huwaua chungu wenyewe. Dawa ya kuua ukungu ni mbaya kwa namna ya kichinichini: chungu hawadhuriki, ila kuvu hunyauka, na watoto wakakosa chakula. Lakini chungu hawa si wajinga. Wakileta jani linaloidhuru kuvu, baada ya muda hutambua kwamba bustani inaumwa, na jani la aina hiyo hulikataa kwa siku nyingi. Kwa hivyo mfugaji akiona wamegomea jani walilolipigania juzi, asiwalaumu. Aulize jani lilitoka wapi.

Adui mwingine ni kuvu nyingine, iitwayo Escovopsis, ambayo huivamia bustani kama magugu. Chungu wadogo hupalilia mchana na usiku. Mwaka wa 1999 mtafiti Cameron Currie na wenzake walionyesha kwamba chungu hawa hutumia bakteria wanaotengeneza dawa dhidi ya adui huyo. Kwa jamii nyingi za Acromyrmex bakteria hao huonekana mwilini kama unga mweupe. Kumbe wakati sisi tunatafuta dawa hospitalini, kuna mdudu anayetembea na duka lake la dawa kifuani!

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Kumnunua malkia ni jambo la siku moja. Kumwangalia kwa miaka kumi, kupima joto, kutafuta majani safi, kumwaga taka, kuongeza masanduku kundi linapokua, hapo si mchezo. Ndiyo maana kwa wengi njia bora ya kuwaona ni katika majumba ya makumbusho. Jumba la Historia ya Viumbe la London limewahi kuwa na kundi lao, na wageni wakisimama kutazama majani yakipita.

NA SISI JE?

Labda sasa kuna mwenzetu anayewaza, "Basi tuagize malkia mmoja kwa ajili ya maabara ya baiolojia." Ndugu yangu, tulia. Kwao Amerika chungu hawa ni adui wa mkulima. Hushambulia michungwa, mibuni na mashamba mengine. Hata Marekani, ambako wengine wao ni wenyeji, serikali hudai kibali kabla ya kuwasafirisha kutoka jimbo hadi jimbo. Fikiria malkia mmoja tu atoroke na mbegu yake ya kuvu katika nchi yenye kahawa na machungwa. Nani atamwambia mkulima wa Kiambu au Makueni kwamba ulikuwa mradi wa wanafunzi?

Na mlango huo una pande mbili. Kama si vyema kumleta wa kwao, si vyema pia kumchukua wa kwetu hivi hivi tu. Wale 5,000 wa mwaka wa 2025 walikuwa hasa malkia. Umeona malkia ni nini: hakuna wa kumrithi. Atakayemtia malkia katika mrija amechukua kiota kizima ambacho kingejengwa hapa, pamoja na vibarua ambao wangesambaza mbegu za nyasi na kulegeza udongo wa malisho yetu. Hiyo ndiyo sababu kesi ya chungu ni kesi kama kesi nyingine za wanyamapori.

Lakini usidhani Kenya haina mkulima wake wa kuvu. Yupo, na umewahi kumtupia mawe. Ni mchwa wa kichuguu, yule wa jamii ya Macrotermes. Mchwa si chungu. Wataalamu wanasema ana udugu wa karibu na mende! Hata hivyo naye huvuna nyasi kavu na vijiti, akavipeleka chini ya kichuguu, akavilimia kuvu. Ule uyoga mkubwa unaochomoza vichuguuni wakati wa mvua, ambao mama zetu huuchuma kwa mboga, hutoka katika bustani hiyo. Na kumbikumbi tunaowakimbilia jioni ya mvua ni malkia na wafalme wachanga siku ya harusi yao.

Shamba hilo halihitaji sanduku, poda wala tikiti ya ndege. Halihitaji pia kubomolewa ili tumwone malkia, kwani tukimtoa tutabaki na udongo tu. Tunachoweza kufanya ni kupima urefu wa kichuguu kila muhula, kuandika mvua ilinyesha lini, kumbikumbi walitoka saa ngapi, uyoga ulichomoza upande gani, na ni nyasi zipi mchwa walizichukua na zipi wakaziacha. Tukifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, wanaoondoka watawaachia wanaoingia daftari lenye maana.

Kichuguu kiko pale nyuma ya bweni. Leta kalamu, na usisahau kuandika tarehe.