Vigari na Ndege za Rimoti (2): Mota ya Brashi na Isiyo na Brashi

Wiki iliyopita tulimaliza habari ya betri. Leo tuufuate umeme hadi kwenye mota.

Ndani ya mota ya brashi, mfano ile ya ukubwa wa 540 inayokuja na vigari vingi vya Tamiya, sumaku zimebandikwa kwenye ganda na waya umesukwa kwenye kiini kinachozunguka. Kiini hicho hakiendelei kuzunguka bila mkondo kugeuzwa kila mara, na vinavyougeuza ni vipande viwili vya kaboni vinavyosugua pete ya shaba iliyogawanywa sehemu tatu. Ifungue iliyotumika muda mrefu: utakuta vumbi jeusi, shaba imechimbika mifereji, kaboni imebaki kipisi. Hapo ndipo umeme ulipokuwa ukipotea, kwa msuguano, joto na cheche. Cheche hizo huvuruga hata mawimbi ya redio, ndiyo maana kapasita ndogo huchomelewa kwenye ganda.

Mota isiyo na brashi imegeuza mpangilio huo. Waya umetulia, sumaku ndizo zinazozunguka, na kazi ya kugeuza mkondo imepewa kidhibiti mwendo cha kielektroniki, kupitia nyaya tatu. Kinachosuguana ni beringi tu, hivyo chaji moja hudumu zaidi. Mota ya Kv 3000, yaani mizunguko 3000 kwa dakika kwa kila volti, kwa betri ya volti 7.4 hukaribia mizunguko 22,200 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Wengi hudhani Kv kubwa ndiyo nguvu, sivyo. Kwa mota za ukubwa mmoja, kadiri Kv inavyopanda, ndivyo nguvu ya kuzungusha kwa kila ampia inavyoshuka.

Kwa ndege na droni sina ubishi: isiyo na brashi. Kwa kigari cha kupanda mawe, bado natetea brashi. Kidhibiti kisicho na sensa hutambua sumaku ilipo kwa kupima umeme unaozalishwa na mzunguko wenyewe. Mota ikisimama, umeme huo haupo, nayo huondoka kwa kusitasita na kutetemeka. Ya brashi huondoka taratibu. Zenye sensa zimeliondoa tatizo hilo, ila bei yake iko juu.

Anayehamia mota isiyo na brashi asinunue mota peke yake. Kidhibiti cha mota ya brashi hakiwezi kuendesha ya nyaya tatu, na gia za plastiki zilizoivumilia 540 zinaweza kung'oka meno siku ya kwanza. Habari ya gia tutaianza wiki ijayo.