Herufi mbili zilizopotea Kathiani

Siku chache zilizopita niliabiri matatu kutoka Machakos mjini hadi Kathiani, mkobani nikiwa na karatasi kumi na nne zenye orodha ya maneno ya Kikamba. Maneno hayo niliyakusanya mwenyewe mwaka 2005, nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, kutoka kwa bibi mmoja mkongwe aliyesifika kwa kusuka vyondo. Bibi huyo amekwisha kutangulia mbele ya haki. Safari hii nilimwendea binti yake, ambaye naye sasa ana wajukuu, ili anisaidie kusoma kazi ya mikono yangu.

Naam, msomaji, umesoma vyema. Mwanaisimu mzima, mwenye shahada ya uzamifu, hawezi kusoma orodha aliyoiandika mwenyewe.

Kikamba kina irabu saba, si tano kama Kiswahili. Zile mbili za ziada huandikwa kwa kuweka alama ya kiwimbi juu ya i na u: ĩ na ũ. Kiwimbi hicho si pambo. Kũtũma ni kutuma, kama tujuavyo katika Kiswahili. Kũtuma ni kushona. Ukiondoa viwimbi, maneno yote mawili yanakuwa kutuma, na msomaji hana budi kubahatisha. Penye sentensi nzima, muktadha humwokoa. Penye orodha ya maneno adimu ya ususi na mbegu, ambayo hata wenyeji wengi hawayatumii tena, hakuna cha kumwokoa.

Viwimbi vyangu vilipotea hivi. Mwaka ule nilipewa na rafiki fonti iliyokuwa imetengenezwa makusudi kwa lugha za Kenya. Hila yake ilikuwa nyepesi: mtengenezaji alichukua nafasi za alama ambazo wengi hatuzihitaji, kama vile alama ya sarafu ya Japani, akachora ndani yake ĩ na ũ. Kwenye kioo na kwenye karatasi maandishi yalipendeza. Lakini ndani ya faili kompyuta haikuhifadhi ũ hata kidogo. Ilihifadhi alama ya sarafu iliyovishwa joho. Nilipopeleka faili ile kwa duka moja la huduma za kompyuta ili ichapishwe upya, fonti haikuwamo katika mashine yao. Kijana wa dukani aliona ukurasa umejaa vijisarafu, akadhani ni uchafu, na kwa nia njema kabisa akausafisha: kila kijisarafu akakigeuza i au u ya kawaida. Alinirudishia kazi nadhifu, nami sikuikagua. Diski yenye nakala ya kwanza ilikwisha kuota ukungu nilipoitafuta. Nakala nyingine ilikuwa katika sanduku la baruapepe la bure ambalo kampuni yake ililifunga, eti sikulifungua kwa muda mrefu.

Ningependa kumlaumu kijana yule, au kampuni ile. Ukweli ni kwamba lawama kubwa ni yangu, kwa kuwa wakati huo njia sahihi ilikuwapo.

Ni kweli kwamba katika miaka ya 1990 kompyuta nyingi zilitawaliwa na jedwali la herufi liitwalo ISO 8859-1, ambalo liliwajali Wazungu wa Magharibi. Mreno alipewa ã na õ yake, Mhispania akapewa ñ, Mkamba na Mkikuyu hawakupewa kitu. Lakini mwaka 1991 lilitoka jedwali jipya la Unicode, lililokusudia kukusanya herufi za lugha zote za dunia, na ĩ na ũ zilikuwamo tangu toleo la kwanza. Wala hazikuingia kwa heshima yetu peke yetu. Wavietnamu pia huzitumia, na kwa sababu ya wingi wao na soko lao fonti nyingi za kawaida zikaja nazo tayari. Hata leo mtu akiweka katika kompyuta kibodi ya Kivietnamu iitwayo Telex, akiandika u na kufuatisha x, hupata ũ. Kufikia 2005, kompyuta zenye Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ziliweza kuyafanya hayo yote. Mimi nilichagua fonti ya rafiki kwa kuwa ilikuwa mkononi na ilinipunguzia kujifunza jambo jipya.

Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyochagua programu. Twauliza ni ipi rahisi, ni ipi anayo jirani, ni ipi ya bure. Hatuulizi kazi yetu itasomwa na nani baada ya miaka ishirini. Waliofanya kazi ofisini mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanaikumbuka WordPerfect, ambayo ilionekana haina mpinzani. Word ya Microsoft iliipindua kabla ya muongo huo kwisha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye amri zote kwa Kiswahili, na ya bure. Nilishangilia kama wengine. Sikuiona katika duka hata moja la Machakos, na sidhani kosa lilikuwa la watengenezaji. Wateja tulikuwa tumekwisha zoea File na Edit.

Huko kwenye mtandao wenyewe mambo huenda kasi zaidi. GeoCities, mji wa kurasa za watu binafsi ambao Yahoo iliununua mwaka 1999, ulifungwa 2009. Yahoo Groups, mahali ambapo jamii nyingi za Waafrika walio ng'ambo zilikuwa zikijadiliana, ilizimwa Desemba 2020. Tangu Desemba 2023 Google nayo inaweza kuifuta akaunti ya mtu ambayo haijatumiwa kwa miaka miwili. Hizi ni biashara, na biashara hupiga hesabu zake. Ila mwenye picha za harusi au hotuba za marehemu baba yake huko ndani hana budi kupiga zake pia.

Pale Kathiani tuliketi chini ya mwembe kuanzia saa nne hadi jua lilipoanza kuinama. Mama yule alitamka kila neno kwa sauti, mara kwa irabu hii, mara kwa ile, akisikiliza ulimi wake kama mtu anayeonja chumvi. Mengine aliyatambua papo hapo na kucheka. Mengine aliyarudia mara tatu, kisha akatikisa kichwa. «Hili mama alilijua,» alisema. Katika maneno 312, tulikwama katika 41.

Kabla ya kuagana nilimwambia kwamba nitamtumia mjukuu wake faili kwa simu. Alinitazama kwa huruma, kisha akaniomba niketi tena nimnakilie yale 271 kwa kalamu, na nisisahau kuweka viwimbi.