Kopo la Kupunguza Mwili

Katika mnada wa Msalato, hapa Dodoma, mnunuzi humpapasa mbuzi mgongo, apate kuyajua mafuta yake, kabla ya kutoa fedha. Ni ajabu basi kwamba wako watu wamezao unga wa kupunguza unene wasijue kilichomo.

Dawa hizi huuendesha moyo mbio na kukata njaa, kama ifanyavyo mirungi, ambayo sheria imeipiga marufuku. Ephedra ilikatazwa Marekani mwaka 2004. Sibutramini, iliyojaribiwa kwa watu wapatao 10,000 wenye maradhi ya moyo au kisukari, ilipunguza kilo chache tu, ikazidisha mishtuko ya moyo na kiharusi. Mwaka 2010 ikaondolewa Marekani na Ulaya. Tangu hapo imekutwa mara nyingi imefichwa katika makopo yaandikwayo "mitishamba".

Ugumu uko hapa: tangu mwaka 2019, Bara, chakula husimamiwa na TBS na dawa na TMDA, Visiwani vyote viwili vi chini ya ZFDA. Mfanyabiashara naye hujichagulia jina: chai, lishe, au dawa. Wakuu wetu na wapime kilichomo, si kilichoandikwa, tena wapime bandarini, kopo lingali halijafika dukani.