Mtoto Naye Hufiwa

Msomaji mmoja wa Kitengela ameniandikia barua ndefu. Mumewe aliaga dunia mwaka jana katika ajali kwenye barabara ya Namanga. Siku hiyo hiyo mtoto wao wa kiume, mwenye umri wa miaka saba, alipelekwa kwa nyanya yake Kajiado na kuambiwa kwamba baba amesafiri. Aliporudishwa, mazishi yalikuwa yamekwisha. Tangu hapo huumwa na tumbo karibu kila asubuhi, na ameanza tena kukojoa kitandani. Amepimwa choo na mkojo, amepewa dawa za minyoo, na mara mbili ametibiwa homa ya matumbo, ugonjwa ambao siku hizi kila tumbo likiuma husingiziwa.

Kilichomzindua mama huyu ni riwaya ya Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, ambayo wengi wenu mliisoma shuleni. Msimulizi wake, Msanifu Kombo, anafiwa na mama yake huko Tanga angali mdogo, na baadaye anakuja Kenya kumtafuta babake. Msomaji wangu anasema alilia si kwa ajili ya Msanifu, bali kwa kujiuliza: mwanangu naye angesimulia nini? Alikuwa amedhani kijana hana habari, kwa vile alimwona akicheza mpira na wenzake.

Msomaji, kucheza si kusahau. Mtu mzima huomboleza mfululizo. Mtoto huomboleza kwa vipande. Atalia dakika tano, kisha aulize chakula kiko wapi. Aliye chini ya miaka mitano kwa kawaida hudhani kifo ni safari yenye marejeo, hivyo ataendelea kuuliza baba anarudi lini. Kati ya miaka mitano na tisa huanza kufahamu kwamba aliyekufa harudi, lakini mara nyingi hujibebesha lawama: "Nilikataa kwenda dukani, baba akakasirika, akafa." Hatamwambia mtu. Siri hiyo hutokea kwenye tumbo, kwenye usingizi na kwenye daftari la shule. Na tumbo hilo linauma kwelikweli, kwa maana ubongo na matumbo vimeunganishwa kwa mishipa ya fahamu. Usimchape kwa kudhani anakwepa shule.

Maneno ya kuficha huleta madhara. Ukimwambia baba amelala, mtoto ataogopa kulala. Ukimwambia amesafiri, ataona ameachwa. Sema wazi: "Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hatarudi. Si kosa lako." Rudia kila anapouliza.

Najua kwamba katika jamii kadhaa, Wamaasai wakiwemo, desturi ya zamani ilikataza kulitaja jina la marehemu. Sisemi muivunje. Waweza kusema "babako" bila kutaja jina, na mtoto akaelewa kwamba ana ruhusa ya kuuliza.

Tumbo linalomwamsha mtoto usiku, damu kwenye choo, homa au kupungua uzito ni mambo ya hospitali, wala usiyatwike msiba. Mpeleke pia akikataa shule kwa wiki kadhaa, au akisema anataka kumfuata marehemu. Hilo la mwisho halingoji kesho. Katika orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022, majonzi makali yanayomlemaza mtu kwa zaidi ya miezi sita yanatambuliwa kuwa ugonjwa unaotibika. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo.

Mama ameniuliza kama amechelewa. La, mama. Mwambie ukweli wikendi hii, ukiwa umeketi naye, na umwombe radhi kwa kumficha. Ukilia, na ulie. Kisha mwulize kama angependa kwenda kuliona kaburi, na akikataa, usimlazimishe. Mwulize tena baada ya miezi michache. Tumbo likiendelea kwa mwezi mzima baada ya hapo, na apimwe upya.