Oili Chafu Ina Mnunuzi, Kulanti Haina

Gari dogo hubeba kiasi cha lita 4 za oili ya injini, bodaboda lita 1 hivi, na lori kubwa huzidi lita 30. Petroli huungua ikaisha, lakini oili sehemu yake kubwa hutoka ilivyoingia, ila imekuwa nyeusi na imebeba chembe za chuma, masizi na mabaki ya mafuta yasiyoungua vizuri. Fundi akifungua nati ya sampu, kinachomiminika kwenye beseni ni taka kwa macho ya sheria na bidhaa kwa macho ya soko.

Soko hilo lipo, nalo halijaanza leo. Katika gereji za Gerezani jijini Dar es Salaam, kama ilivyo kwa mafundi wa Grogan jijini Nairobi, oili chafu huingia kwenye dumu la lita 20, dumu likamiminwa kwenye pipa la lita 200, na pipa likijaa anakuja mnunuzi na guta au kirikuu. Mjenzi anaitaka apake mbao za kumwagia zege zisigandamane na saruji. Mwenye nyumba anaitaka kwa mbao za paa na nguzo za uzio, akiamini mchwa hawaisogelei. Mpasua mbao huidondoshea kwenye mnyororo wa msumeno, na wenye matanuru ya chokaa na ya kuyeyushia chuma huichoma kwa kuwa ni rahisi kuliko dizeli. Kijana wa gereji anayefagia sakafu hujua bei ya dumu kwa siku hiyo.

Mfumo huu umefanya jambo ambalo kampeni nyingi za usafi zimeshindwa: umemfanya fundi aone hasara kumwaga. Kosa ni kudhani kwamba oili ikishauzwa, hatari nayo imeuzwa ikaondoka. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeyaweka mafuta ya madini yasiyosafishwa, au yaliyosafishwa kidogo tu, katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Oili ikishazunguka ndani ya injini huongezewa sumu nyingine zinazozaliwa na joto. Kijana anayepaka mbao kwa mikono mitupu kutwa nzima anaibeba sumu hiyo kwenye ngozi. Nguzo iliyolowa oili ikichimbiwa hatua chache kutoka kisimani, mvua itaishusha ardhini kidogo kidogo. Na tanuru la wazi lisilofikia joto kali hutoa moshi wenye metali, unaowatulia majirani vichwani.

Joto ndilo linalotenganisha mnunuzi mzuri na mbaya. Tanuri la saruji hupika malighafi kwa nyuzi joto zinazokaribia 1,450, na mwali wake huwa mkali zaidi ya hapo. Kwa joto hilo sumu nyingi za oili huvunjika, na sehemu kubwa ya metali hunaswa ndani ya klinka, yale madonge yanayosagwa kuwa saruji. Ndiyo maana katika nchi nyingi viwanda vya saruji huichukua oili chafu kama nishati. Bora zaidi ni kuisafisha upya iwe oili tena. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani linaeleza kwamba kupata kiasi cha lita 2.4 za oili ya kulainishia kutoka mafuta ghafi kunahitaji pipa zima la lita 159, ilhali lita 3.8 tu za oili chafu hutoa kiasi kilekile. Kwa nchi zinazonunua mafuta yake nje kwa fedha za kigeni, hesabu hiyo si ya kupuuzwa.

Usafishaji huo wa kiwandani usichanganywe na ule wa uchochoroni, ambako oili chafu huchujwa kwa kitambaa, ikapunguzwa weusi na kutiwa kwenye galoni tupu lenye nembo ya kampuni inayoaminika. Anayeinunua analipa mara mbili, kwanza dukani na baadaye kwa fundi wa injini. Kwa hiyo galoni tupu litobolewe au likatwe kabla halijatupwa.

Gari lina vimiminika vingine, na hapo ndipo soko linaponyamaza. Mafuta ya gia boksi na ya usukani hayana tabu, kwa kawaida huingia pipa moja na oili ya injini. Lakini kulanti ya rejeta haina mnunuzi, na mafuta ya breki hayana mnunuzi. Oili filta, ambayo hubaki na oili ndani yake hata baada ya kufunguliwa, mara nyingi hutupwa jalalani ilivyo. Ukitaka kujua kitakachoishia mtaroni, tazama kisichoulizwa bei.

Kulanti ndiyo inayonitia hofu kuliko vyote. Aina nyingi zina ethilini glaikoli, kemikali yenye ladha tamu. Mbwa huilamba, paka huilamba, na mtoto akikuta imetiwa kwenye chupa ya soda, rangi yake ya kijani au waridi humvuta. Kiasi kidogo tu huharibu figo na huweza kuua. Hata hivyo, katika nyumba nyingi fundi hufungua rejeta uani, ikamwagika chini, akafuatisha ndoo ya maji na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha.

Wenye magari wengi sasa humwita fundi nyumbani. Huo ni uamuzi mzuri wa kifedha, lakini unaiondoa oili mahali penye pipa na mnunuzi, ukaiacha kwa mtu mwenye lita 4 tu asizojua pa kuzipeleka. Mwenye lita 4 hana nguvu sokoni. Akimwaga, makadirio yanayotumika sana ni kwamba lita 1 ya oili chafu inaweza kuharibu hadi lita milioni 1 za maji, na nyumba nyingi za mijini siku hizi zinategemea visima vyao wenyewe.

Njia ya kuziokoa lita hizo ni nyepesi. Oili imwagwe ikiwa vuguvugu, ndani ya beseni pana, kisha itiwe kwenye galoni lilelile lililokuja na oili mpya, kizibo kikazwe na pembeni iandikwe kwa kalamu ya wino mzito. Chupa ya maji ya kunywa haifai kabisa. Filta igeuzwe mdomo chini juu ya beseni hadi kesho yake, ichuruzike. Kilichomwagika sakafuni kifunikwe kwa pumba za mbao au mchanga, kizolewe, kisioshwe kwa maji. Kubwa kuliko yote, oili isichanganywe na kulanti, petroli, mafuta ya breki wala maji, kwa sababu mchanganyiko huo huiua thamani yake: msafishaji ataukataa, na ukiingizwa kisirisiri kwenye pipa la gereji utaharibu lita 200 za watu. Galoni likiwa safi, gereji yenye pipa huwa haina sababu ya kulikataa. Kulanti na mafuta ya breki, kila kimoja na chombo chake, vipelekwe kwa mkusanyaji mwenye kibali cha taka hatarishi. Tanzania vibali hivyo viko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ndipo pa kuuliza.

Wapo watakaosema tuliachie soko, kila kitu kipate bei na tatizo litajimaliza. Betri inakataa hoja hiyo. Betri chakavu ina bei nzuri siku zote kwa ajili ya risasi iliyomo, na ilikuwa na bei nzuri pia Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilijengwa ukutani mwa makazi ya Owino Uhuru. Watoto walikutwa na risasi katika damu. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, uamuzi ukapingwa na kutenguliwa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Bei iliikusanya betri, ila haikumlinda jirani.

Kinachohitajika ni bei pamoja na mtu wa kuwajibika, na mtu huyo anajulikana: ni yule aliyeuza oili mpya. Ujerumani muuzaji wa oili ya injini analazimika kupokea bila malipo kiasi kilekile alichouza. Afrika Kusini, wadau wa biashara ya vilainishi walianzisha mfuko wa ROSE mwaka 1994 kusukuma ukusanyaji wa oili chafu. Kenya imeingiza wajibu wa mzalishaji katika Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022. Waagizaji wa oili wanaouza katika soko letu wana maghala, mawakala na magari yanayorudi matupu kila siku kutoka mikoani. Wakiweka pipa moja la oili na dumu moja la kulanti katika kila duka kubwa la vipuri, na gharama yake ikaingia katika bei ya galoni jipya, mwenye lita 4 atakuwa na pa kuzipeleka. Serikali iwape tarehe ya kuanza, na leseni ya kuuza ifungwe na sharti la kupokea.